Leseni ya fundi vitasa na ya mfunga kengele Marekani inamkagua nani hasa?

Komeo

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu mada hii imenikera muda mrefu, na kila tunapoigusa kazini huishia kwenye vijembe baina ya mafundi wenye leseni na wasio nayo. Mimi ni mfunga kengele za wizi hapa Texas. Kabla ya kuhamia huku niliishi Colorado, ambako fundi vitasa hahitaji leseni ya jimbo, na ndiko nilikopata somo la kwanza kuhusu biashara hii, nikiwa mteja.

Usiku mmoja wa baridi mlango ulijifunga nyuma yangu na ufunguo ukabaki ndani. Nilitafuta kwenye simu, nikapiga namba ya kwanza iliyojitokeza. Aliyepokea hakutaja jina la kampuni. Alisema tu "huduma ya vitasa", akaniambia kwamba gharama zinaanzia dola 19. Baada ya saa moja na nusu alifika kijana kwa gari lisilo na maandishi yoyote. Hakuniuliza kama pale ni kwangu, wala hakuniomba kitambulisho. Alimulika kitasa kwa tochi mara moja, akatikisa kichwa, akasema hicho ni cha usalama wa hali ya juu na hakifunguki ila kwa kutobolewa, kisha akatoa drili. Chembe za shaba zikamwagika juu ya kizulia cha mlangoni. Mlango ulipofunguka, zile dola 19 zilikuwa zimefika 340, na alizitaka taslimu.

Mabaki ya kitasa kile ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari. Nilipoingia kwenye kazi ya usalama na kuyatazama kwa macho mapya, niliona silinda ya kawaida kabisa yenye pini tano, aina ambayo fundi anayeijua kazi yake huifungua kwa vyuma vyake vyembamba katika dakika chache bila kuacha mkwaruzo. Drili huelekezwa pale silinda ya ndani inapokutana na ganda lake. Pini zikikatika hapo, bisibisi yoyote inazungusha silinda na mlango unafunguka. Lakini kitasa kimekufa, mteja analazimika kununua kingine saa ileile, na muuzaji ni yuleyule mwenye drili.

Swali langu ni hili. Kama Colorado ingekuwa na sheria kama ya Texas, ambako fundi vitasa na kampuni ya kengele wote wako chini ya sura ya 1702 ya sheria za kazi za jimbo na husimamiwa na Idara ya Usalama wa Umma, je, nisingetapeliwa? Jibu langu, ambalo najua litawaudhi wenzangu wa fani, ni kwamba leseni ingenisaidia kidogo kuliko tunavyojisifu. Sheria zetu nyingi zinamkagua aliyeshika drili, nami niliibiwa kwenye simu, saa moja na nusu kabla ya drili kufika.

Mzee wa Sheria

Ndugu Komeo, umeanza vizuri, lakini ni vyema wasomaji wajue kwanza mamlaka haya yanatoka wapi, la sivyo tutajadiliana kama vile kuna sheria moja ya Marekani. Hakuna. Marekebisho ya kumi ya Katiba huyaachia majimbo madaraka ambayo hayakukabidhiwa serikali ya shirikisho, na tangu mwaka 1889, katika shauri la Dent dhidi ya West Virginia lililohusu leseni ya tabibu, Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kukubali kwamba jimbo linaweza kumzuia mtu asifanye kazi fulani mpaka atimize masharti. Mlango huo ulifunguliwa na tabibu, na baadaye fani nyingi zilipita hapohapo, mafundi vitasa wakiwemo.

Kinachonivutia ni ofisi ambayo kila jimbo limeikabidhi kazi hii, kwa kuwa ukiijua ofisi, unajua wabunge wa jimbo hilo walikuwa wakiogopa nini. Texas waliogopa wizi, wakaipeleka kwa idara ya polisi wa jimbo. California wanamlinda mlaji, kwa hiyo fundi vitasa na kampuni ya kengele wako kwenye ofisi iitwayo kwa kifupi BSIS, iliyo ndani ya idara ya masuala ya walaji. Louisiana wote wawili wako chini ya Mkuu wa Zimamoto wa jimbo, kwa mantiki kwamba kitasa kibaya kinaweza kumfungia mtu ndani ya moto kama kinavyoweza kumfungulia mwizi. New Jersey waliona nyaya, wakaunda kamati ya kengele za moto, kengele za wizi na mafundi vitasa chini ya bodi ya wakandarasi wa umeme. Oregon walimwona fundi vitasa kama mjenzi, wakamkabidhi kwa bodi ya wakandarasi wa ujenzi. Oklahoma kazi hiyo ni ya idara ya kazi, na sheria yake inawaweka pamoja wafunga kengele, mafundi vitasa na wafunga vinyunyizio vya moto. Nevada mafundi vitasa hupewa leseni na sherifu wa kaunti. Nebraska hujisajili kwa karani wa kaunti, jambo ambalo kwa maoni yangu ni daftari tu, kwani karani hana wakaguzi wa kumfuata mtu mlangoni.

Kisha kuna majimbo yaliyogawanya fani hizi mbili. Florida wafunga kengele wana leseni ya jimbo, lakini mafundi vitasa hawana. Kaunti ya Miami-Dade ikajitungia utaratibu wake. New York mfunga kengele anapewa leseni na jimbo, ilhali fundi vitasa anayefanya kazi ndani ya Jiji la New York anaipata kwa idara ya jiji inayoshughulikia walaji na wafanyakazi. Akivuka mipaka ya jiji, leseni hiyo haina maana tena. Majimbo yanayomdai fundi vitasa leseni au usajili hayafiki nusu ya majimbo 50, wakati kengele zinasimamiwa katika majimbo mengi zaidi.

Mpinga Urasimu

Mzee wangu, nakushukuru kwa ramani hiyo, ila ramani yenyewe ndiyo hoja yangu. Kama fundi yuleyule ni mjenzi Oregon, fundi umeme New Jersey na mtu wa kuangaliwa na sherifu Nevada, basi huenda hakuna aliyejua tatizo ni nini.

Mwaka 2015 Ikulu ya Marekani, chini ya Rais Obama ambaye hakuna atakayemwita adui wa udhibiti, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi nchini walihitaji leseni ili wafanye kazi zao, ilhali katika miaka ya 1950 waliokuwa na leseni za majimbo hawakufika asilimia 5. Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua shauri la bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina. Bodi hiyo, ambayo wengi wa wajumbe wake walikuwa madaktari wa meno wenyewe, ilikuwa ikiwaandikia barua watu wasio madaktari waliokuwa wakisafisha meno yawe meupe, ikiwaamuru waache. Mahakama ilisema kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio sokoni haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya jimbo dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa jimbo lenyewe liisimamie kwa dhati. Sasa niambieni, mafundi vitasa wakiwa na bodi yao, iliyojaa mafundi vitasa, watamwandikia barua nani kwanza: tapeli asiyejulikana anakokaa, au kijana wa mtaa wa pili anayetoza nusu ya bei yao?

Tena kuna jambo la utu. Leseni hizi hutanguliza alama za vidole na rekodi ya jinai. Mtu aliyefungwa akiwa na miaka 20, akatoka, akajifunza ufundi, anafungiwa mlango akiwa na miaka 40, hata kama kosa lake halikuhusu wizi.

Komeo

Mpinga Urasimu, hoja ya bodi naikubali, na ndiyo maana napendelea idara ya serikali yenye kamati ya ushauri kuliko bodi huru ya mafundi. Hoja ya rekodi ya jinai naikubali nusu. Fani yetu ina sifa isiyo ya kawaida: ujuzi tunaouuza ndio uleule anaouhitaji mvunjaji, na kazini tunaachiwa siri ambazo kinyozi haachiwi kamwe. Mimi najua namba za siri za wateja, najua chumba gani hakina kihisi mwendo, najua lini familia inasafiri kwa sababu wanaripoti kwenye kituo cha kufuatilia kengele. Kwa hiyo kuangalia rekodi ni halali. Ninachokataa ni kufunga mlango milele kwa kosa lolote lile. Kosa la kuvunja nyumba miaka miwili iliyopita na kosa la kuendesha gari bila bima miaka 20 iliyopita hayafanani, na sheria nzuri inampa mwombaji nafasi ya kusikilizwa.

Lakini tazameni pia upande wa ujuzi. North Carolina, yenye bodi ya mafundi vitasa iliyoundwa kwa sheria ya 2001, inamtaka fundi afanye mtihani. Illinois nayo inao mtihani. California, pamoja na ukali wake wote, haimfanyishi fundi vitasa mtihani. Anatoa alama za vidole, analipa ada, anapewa namba. Upande wa kengele, palepale California, meneja mhusika wa kampuni lazima afaulu mtihani. Kwa hiyo neno "leseni" linaficha vitu viwili: ushahidi kwamba mtu hajapatikana na hatia, na ushahidi kwamba anajua kazi. Mteja akisoma "tuna leseni" anadhani amepewa vyote viwili.

Nyota ya Asubuhi

Naomba niingie kwa upande wa kengele, maana naona vitasa vimetawala. Nilikaa miaka minne kwenye kituo cha ufuatiliaji, zamu ya usiku. Kwa asiyejua kazi ile: unakaa mbele ya skrini, mstari mwekundu unatokea ukiwa na jina la mteja, eneo la kihisi na saa. Tuseme ni saa tisa usiku, kihisi mwendo cha sebuleni. Unapiga simu nyumbani, haipokelewi. Unapiga namba ya pili. Mama anaamka kwa hofu, anasema wako safarini. Polisi wanakwenda, wanazunguka nyumba, hawakuti kitu. Siku ya pili fundi anagundua puto la sherehe ya mtoto likielea juu ya tundu la hewa ya moto mbele ya kihisi. Hilo limenitokea si mara moja.

Mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu tatizo hili unakadiria kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya kengele za wizi inayopelekwa polisi huwa haina tukio lolote. Hapo ndipo ninapoona sababu ya serikali kuingilia iliyo imara kuliko ya vitasa. Kitasa kikifungwa vibaya, anayeumia ni mwenye nyumba. Kengele ikifungwa vibaya, anayelipa ni jirani aliyepiga polisi kwa shida ya kweli na kuambiwa asubiri kwa sababu askari wamekwenda kuangalia puto.

Pamoja na hayo, dawa zilizofanya kazi hazikutoka kwenye leseni ya fundi. Jiji la Salt Lake lilipoamua mwaka 2000 kwamba polisi hawataitika kengele ya wizi mpaka kwanza mtu athibitishe kwa macho kwamba kuna tukio, miito hiyo ilipungua kwa takribani asilimia 90. Florida iliandika kwenye sheria ya jimbo kwamba kituo lazima kipige simu ya kuthibitisha kabla ya kuwaita polisi, na kama simu ya kwanza haikupokelewa, kijaribu ya pili. Kuna pia kiwango cha vidhibiti vya kengele kiitwacho CP-01, ambacho baadhi ya miji inakidai, kinachotaka muda wa kutoka nyumbani usipungue sekunde 45 na wa kuingia usipungue sekunde 30, kwa sababu mtu aliyebeba mifuko miwili na mtoto hawezi kubonyeza namba nne katika sekunde kumi. Sekunde hizo zimepunguza fujo kwa njia ambayo alama zangu za vidole, nilizozitoa kwa ajili ya kibali cha kazi, hazingeweza.

Hata faini za miji kwa kengele za uongo hutozwa mwenye nyumba. Aliyekielekeza kihisi kwenye tundu la hewa ya moto hatozwi kitu. Ningekuwa mbunge wa jimbo, ningeanzia hapo.

Ufunguo Mia

Dada Nyota, umesema kweli tupu, na puto hilo nitalikumbuka. Mimi ni fundi vitasa California, na ningependa kumjibu Mpinga Urasimu kwa kuonyesha kipande cha sheria ambacho kinafanya kazi kila siku mkononi mwangu, nacho ni karatasi.

Ninapomtengenezea mtu ufunguo wa gari kwa njia nyingine yoyote isiyokuwa kunakili ufunguo alio nao, sheria ya jinai ya California inanitaka niandike jina lake, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni yake ya udereva au ya kitambulisho, na maelezo ya gari, kisha aweke sahihi. Karatasi hiyo ina jina langu na namba ya kibali changu, naihifadhi kwa miaka miwili, na askari au mkaguzi wa BSIS anaweza kuja saa za kazi kuidai. Kwa nyumba kuna utaratibu unaofanana na huo. Wateja wengine hunung'unika, hasa anayelowa mvua. Lakini mwaka juzi bwana mmoja alinitaka nifungue nyumba, akasema kitambulisho kiko ndani. Nilimwambia sawa, nitafungua, tutaingia pamoja, utanionyesha, na kabla ya hapo nampigia jirani. Akasema anakwenda kwenye gari kuchukua simu, na hakurudi tena.

Kwa hiyo leseni peke yake haikufanya kitu; kilichofanya kazi ni wajibu ulioambatana na leseni, pamoja na ukweli kwamba nikiuvunja nina kitu cha kupoteza. Asiye na leseni hana cha kupoteza isipokuwa drili.

Upande wa magari kuna daraja jingine ambalo wengi hawalijui. Namba za siri za funguo za watengenezaji wengi wa magari hupatikana kwa kupitia sajili ya wataalamu inayoendeshwa na NASTF, taasisi ya kiraia, ambayo humkagua fundi na kumtaka ahifadhi ushahidi wa umiliki wa gari kwa kila muamala. Si leseni ya jimbo, lakini ukifukuzwa humo, kazi ya magari imekuishia. Hata serikali ya shirikisho ina mkono mdogo: vifaa vya kufungulia vitasa havipaswi kusafirishwa kwa posta ya Marekani isipokuwa kwenda kwa fundi vitasa halisi, mtengenezaji au msambazaji wa vitasa, mkamataji magari yaliyoshindwa kulipiwa, au mtengenezaji na muuza magari. Kama katazo hilo linafuatwa, hayo ni mazungumzo mengine.

Mpinga Urasimu

Ufunguo Mia, hadithi ya bwana aliyekwenda kwenye gari imenigusa kuliko vifungu vyote. Lakini angalia ulichokithibitisha: unaweza kuwa na sheria ya karatasi bila kuwa na leseni. Jimbo linaweza kusema kwamba yeyote anayefungua nyumba isiyo yake kwa malipo lazima aandike na ahifadhi, akivunja ni kosa la jinai, na basi. Hatuhitaji mtihani, ada, wala bodi.

Na zile nafuu mnazopeana ndani ya sheria zenu mnaziwekaje? North Carolina, muuza vifaa vya ujenzi anayenakili funguo dukani haguswi, na mvuta magari mabovu anayefungua mlango wa gari naye haguswi. Kama hatari ni ujuzi wa kufungua, kwa nini mvuta magari aaminiwe?

Ufunguo Mia

Kwa sababu bila nafuu hizo sheria isingepita bungeni. Nalikubali hilo bila kupepesa macho. Lakini jaribu kuishtaki karatasi isiyo na mwenyewe. Kijana aliyemtobolea silinda Komeo hakuacha jina, gari halikuwa na maandishi, malipo yalikuwa taslimu. Polisi wataanzia wapi? Namba ya leseni ni kamba iliyofungwa kwenye mguu wa fundi, ukiivuta, unamfikia.

Mzee wa Sheria

Naona tumekaribia kiini, kwa hiyo nirudi kwa alichosema mwanzisha uzi kuhusu simu, kwani ndiyo sehemu ambayo sheria nyingi zimelala.

Biashara aliyokutana nayo Komeo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kituo cha kupokea simu, ambacho kinaweza kuwa jimbo jingine au nchi nyingine, kinachojaza intaneti kwa majina ya maduka yasiyokuwepo, kila moja likiwa na anwani ya mtaani ili lionekane liko karibu. Ya pili ni kijana mwenye drili, ambaye mara nyingi hulipwa kwa asilimia ya ankara, na kwa hiyo njaa yake ndiyo inayoamua kama kitasa "kinafunguka" au "hakifunguki". Sheria ya leseni ikimbana kijana, kituo kinatafuta mwingine wiki inayofuata. Google, ambayo ramani zake ndizo uwanja wa mchezo huu, ilijaribu mwaka 2016 kuanza kuwahakiki mafundi vitasa kwa ukaribu zaidi, na Machi 2025 ilifungua kesi dhidi ya watu iliowatuhumu kutengeneza biashara bandia. Ilisema iligundua zaidi ya kurasa 10,000 zisizo halali, baada ya biashara moja ya Texas kulalamika kwamba fundi vitasa asiye na leseni alikuwa akijifanya ndiyo yeye.

Zingatieni hapo: aliyelalamika alikuwa Texas, jimbo lenye leseni. Leseni haikuzuia jina kuibwa. Ila ilimpa mlalamikaji kitu cha kuonyesha kwamba yeye ndiye halisi.

Komeo

Mzee, umenisaidia kusema nilichokuwa nikikitafuta. Pendekezo langu, basi, ni kwamba anayepaswa kushika leseni kwanza ni anayechukua agizo la mteja, popote alipokaa. Akitaja bei kwa mtu aliye ndani ya jimbo, awe na leseni ya jimbo hilo, aitaje namba yake kwenye simu, na bei aliyoitaja iandikwe kwenye karatasi ileile ambayo Ufunguo Mia anaihifadhi kwa miaka miwili. Fundi akiona kazi imezidi bei hiyo, aandike sababu na mteja asaini kabla drili haijatoka kwenye mfuko. California tayari inataka tangazo la fundi vitasa libebe namba ya leseni. Tangazo la kwenye simu nalo ni tangazo.

Kampuni kubwa za kengele zimezoea mzigo kama huo. Teremkeni mpaka mwisho wa tovuti ya kampuni yoyote inayofanya kazi nchi nzima, mtakuta aya ndefu ya herufi ndogo yenye namba za leseni, jimbo baada ya jimbo. Anayeumizwa na tofauti za majimbo ni fundi mdogo wa mpakani. Pale Texarkana, mji uliokaa nusu Texas na nusu Arkansas, kuna barabara iitwayo State Line Avenue. Fundi vitasa wa upande wa Arkansas akivuka barabara hiyo kufungua duka la upande wa pili bila leseni ya Texas, amevunja sheria. Kwa huyo ningetaka majimbo yatambuliane leseni, na yale yasiyo nayo yawe na usajili mwepesi unaokubalika kwa jirani.

Kuhusu kengele namuunga mkono Nyota: kila kengele ya uongo iandikwe pia kwenye faili la kampuni iliyoifunga, na faili hilo liangaliwe leseni inapohuishwa.

Nyota ya Asubuhi

Ongeza wauzaji wa mlango kwa mlango, kaka Komeo. Mbinu ya kumwambia bibi kizee kwamba kampuni yake ya kengele imefilisika na kwamba huyu aliyesimama mlangoni amekuja "kuboresha mtambo" bado inaendelea. Kanuni ya shirikisho inampa mnunuzi wa nyumbani siku tatu za kazi kufuta mkataba wa dola 25 au zaidi, lakini nilipokuwa kituoni, waliopiga simu wakilia walikuwa wakiisikia kanuni hiyo kwa mara ya kwanza siku ya kumi.

Msomaji Mgeni

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote kimya. Mimi si fundi. Kama usiku wa leo nimejifungia nje na fundi akanitajia namba ya leseni, nitajuaje kwamba ni yake?

Ufunguo Mia

Karibu, ndugu. Majimbo yenye leseni huwa na ukurasa wa kutafuta, na unafunguka kwenye simu. Weka namba, kisha usiishie kuona neno "hai". Linganisha mambo mawili: jina la biashara lililo pale na jina lililochapwa juu ya karatasi ya kazi, halafu jina la mtu na kitambulisho chake. Muombe kitambulisho kama anavyokuomba chako. Fundi wa kweli hatashangaa. Kama karatasi imeandikwa tu "huduma ya vitasa" bila jina, au haipo kabisa, mwambie asiguse kitasa, na umpigie mwingine hata kama ni kungoja saa moja zaidi kwenye baridi. Akishaanza kutoboa, umekwisha kumwajiri.